Kwa nini Fairchild ilififia wakati "watoto" wake ndo wametajirika?

mdadisi_88: Wakuu salaam. Nilikuwa nasoma historia ya Intel, kila nikigeuka nakutana na Fairchild Semiconductor. Noyce na Moore walioianzisha wametoka huko, Jerry Sanders wa AMD, kampuni nyingine ya chipu, naye huko huko. Sasa kampuni yenye vichwa vyote hivyo ilishindwaje kubaki juu? Na walivumbua nini hasa, maana wengine wanasema chipu ni ya Kilby wa Texas Instruments?

fundi_saketi: Mkuu anzia kwa William Shockley, bosi wao wa kwanza. Mzee alipata Nobel 1956 kwa transista (kile kiswichi kidogo cha umeme kinachojaza chipu) ila kufanya naye kazi ilikuwa shughuli, hadi 1957 vijana wake wanane, Noyce na Moore wakiwemo, wakaondoka kwa mpigo, wakabandikwa jina la wasaliti wanane. Mkataba wa maandishi hawakuwa nao, walichukua noti za dola moja moja wakazisaini, basi wakawa wameshaapiana. Tajiri Sherman Fairchild akakubali kuwapa kama dola milioni 1.4 waanzishe Fairchild Semiconductor, kwa sharti kwamba kampuni yake ikipenda inawanunua wote kwa milioni 3. Hilo sharti likumbuke.

kaki_ya_silikoni: Mimi naona anayesahaulika kabisa hapa ni Jean Hoerni, mmoja wa wale wanane. Transista za mwanzo zilifungwa ndani ya kikopo cha chuma, ukikigonga na penseli kipande kidogo cha chuma kinadondoka juu ya silikoni, transista imekufa. Wenzake wote walikuwa wanaiondoa ile tabaka ya oksaidi (ngozi nyembamba kama kioo inayoota juu ya silikoni) wakidhani ni uchafu, yeye akasema iacheni ndo itatulinda. 1959 akaonyesha inawezekana, na kwa vile sasa uso ni bapa Noyce akapata pa kupitisha nyaya za alumini juu ya oksaidi kuunganisha vifaa vyote kwenye kipande kimoja. Kilby alitangulia 1958, heshima yake apewe, ila yake ilikuwa ya jemaniamu badala ya silikoni, na vijiwaya vinaunganishwa kwa mkono kimoja kimoja, kiwandani usingezalisha nyingi kwa njia hiyo. Chipu za leo zimefuata njia ya Hoerni na Noyce.

mdadisi_88: Duh, hiyo ya penseli sikuijua. Na lile sharti?

fundi_saketi: Hapo sasa. 1959 kampuni mama ikalitumia, ikawanunua. Tangu hapo faida inazalishwa California inaenda kuendesha biashara nyingine za wakubwa upande wa mashariki, wahandisi wakiomba hisa wanazungushwa. Hoerni na Jay Last, mwenzake katika wale wanane, wakaondoka 1961, wengine wakafuata, na 1968 Noyce aliporukwa kwenye ukubwa wa kampuni nzima akaondoka na Moore kuanzisha Intel. Mwaka uliofuata Sanders akaanzisha AMD. Mimi hii inaniuma kweli, pesa ilikuwepo, vichwa vilikuwepo, wakashindwa tu kugawana na waliotengeneza. Schlumberger waliinunua 1979, National Semiconductor 1987, baadaye ikasimama tena yenyewe, mwisho ON Semiconductor wakaichukua 2016.