Slaidi imesafika, mtoto bado anachemka: salmonela imepitaje mbele ya nyutrofili zote zile?

Maabara_Tanga

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mtu wa maabara mkoani Tanga, mwaka wa tisa huu nipo kwenye benchi. Nina swali linaloninyima usingizi tangu Jumanne.

Mtoto wa miaka miwili na nusu aliletwa na bibi yake, viganja vyeupe kama karatasi, himoglobini 4.8. Slaidi ya kwanza niliisoma mwenyewe: falsiparamu, vimelea vya malaria, kibao. Akaanzishiwa sindano za atesuneti, dawa ya malaria kali, akaongezwa damu. Siku ya tatu slaidi safi kabisa, ila joto 39.4. Daktari akaagiza damu ioteshwe. Kesho yake chupa ikawa na ukungu, nikapiga rangi ya Gram nikaona bakteria kama vijiti vyekundu. Kwenye sahani ya XLD, chakula cha kuoteshea bakteria wa tumboni, yakaota makundi mekundu yenye kitovu cheusi katikati. Salmonela, na si ile ya taifodi.

Nikairudia slaidi ya kwanza. Nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazomeza wadudu, zilikuwa nyingi, na kadhaa zina vidoa vya kahawia iliyokolea ndani, yale mabaki meusi ya malaria. Maana yake zilikuwa kazini, zinameza. Sasa bakteria amepitaje hapo? Chuoni tuliambiwa malaria "inashusha kinga", basi, tukageuza ukurasa. Inaishushaje? Kinga ipi hasa? Anayejua anieleze, na asinifiche ugumu wake.

Kaka_Benchi

Pole na kazi dada. Kabla hatujaenda mbali, ngozi ilisafishwa vizuri wakati wa kutoa damu? Kwetu chupa nyingi zinazoota ni uchafu wa ngozi.

Maabara_Tanga

Kaka, uchafu wa ngozi mara nyingi unanipa bakteria aina ya stafi, vimviringo vya zambarau vilivyojikusanya. Salmonela makazi yake si ngozini. Huyu ametoka kwenye damu ya mtoto.

Uboho

Dada, nasoma shahada ya uzamili na mada yangu ni nyutrofili, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu. Nusu ya jibu umeiona mwenyewe kwenye ile slaidi.

Kumeza ni kazi moja, kuua ni nyingine. Nyutrofili ikishammeza bakteria, inawasha kimeng'enya kilichoko kwenye utando wake kinachogeuza oksijeni kuwa sumu kali, na sumu hiyo ndiyo inayomuunguza aliyemezwa. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye kimeng'enya hicho. Nyutrofili zao zinameza vizuri tu, lakini salmonela ni miongoni mwa wadudu wanaowaandama maisha yao yote. Bila ule moto, kumeza hakusaidii. Salmonela anajua kuishi ndani ya seli, kwa hiyo kumezwa kunageuka kuwa kupewa chumba cha kulala.

Sasa njoo kwenye malaria. Chembe nyekundu zinapasuka kwa wingi, hemu, kipande cha himoglobini, inamwagika kwenye damu. Hemu ina chuma, na ikizagaa inaunguza tishu za mwili wenyewe. Mwili unajihami kwa kimeng'enya kingine, hemu oksijenasi-1, kinachoivunjavunja. Mwaka 2012 Aubrey Cunnington na wenzake wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya hicho kinapanda hadi ndani ya uboho wa mifupa, zinakotengenezwa chembe za damu, kwenye nyutrofili ambazo hazijakomaa. Hemu hiyo hiyo ndiyo inayozisukuma zitoke mapema kuingia kwenye damu. Zinatoka nyingi, zinameza, ila moto wao ni hafifu. Walipotumia dawa ya kupasua chembe nyekundu bila malaria yoyote, salmonela alistawi vilevile. Walipokizuia kimeng'enya chenyewe, panya walipata tena uwezo wa kupambana naye.

Ukihesabu seli kwenye slaidi utasema kinga ipo tele. Hesabu haikuonyeshi kama zinawaka.

Na tusikione kile kimeng'enya kuwa adui. Bila hicho hemu ingemuumiza mtoto vibaya zaidi. Moto unaoua bakteria ndio huohuo unaochoma nyama ya mwenye mwili, na mwili uliojaa hemu unachagua kuupunguza. Mimi kila nikifika hapa nasimama kidogo, kwa sababu mtoto analipia uamuzi ambao kwa upande mwingine ulikuwa unamwokoa.

Kwa binadamu, kundi hilohilo liliwapima watoto 58 wa Gambia wenye malaria. Uwezo wa nyutrofili kuwasha moto ulikuwa umeshuka, na ulirudi polepole, hadi wiki 8 baada ya matibabu.

Sista_Kilifi

Uboho, asante sana, miaka nimeona jambo hili wodini bila kujua jina lake. Hapa kwetu Kilifi, Kenya, watafiti walilitazama kwa njia nyingine, matokeo yakatoka 2011. Watoto waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja wanakingwa na malaria kali. Ikaonekana wanakingwa pia na bakteria kwenye damu. Malaria ilipopungua, kinga hiyo ya pili nayo ikafifia. Kati ya 1999 na 2007 waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 28.5 hadi 3.45 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka, na wenye bakteria kwenye damu kutoka 2.59 hadi 1.45.  Malaria ilipungua, na bakteria wakapungua nayo.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto mwenye malaria kali, kwenye maeneo yenye maambukizi mengi, apewe antibiotiki pamoja na atesuneti mpaka maambukizi ya bakteria yaondolewe shaka. Mtoto wako anaendeleaje?

Maabara_Tanga

Dada, anaendelea vizuri, Mungu mkubwa. Antibiotiki ya ampisilini haikufua dafu, bakteria waliota mpaka ukingoni mwa diski ya dawa. Nyingine, seftriaksoni, ilifungua duara safi la milimita 27, akaanzishiwa siku hiyohiyo. Jana alikula uji, bibi yake akaja dirishani kwangu kunionyesha kikombe kitupu.

Uboho, hizo wiki 8 nimeziandika kwa kalamu nyekundu ukutani. Leo asubuhi nimemwambia daktari wa zamu, naye amekubali: nikiona himoglobini chini ya 5 na vidoa vya kahawia ndani ya nyutrofili, nampigia simu kabla sijatoa jibu, ili damu ioteshwe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Na bibi nimemweleza mwenyewe, mtoto akipata joto tena kabla ya miezi miwili kwisha asimtafutie panado dukani, amlete.