Kwani wanafunzi wa Nairobi hawawezi kukutana bila mzinga wa pombe?

Wadau, nimechoka. Nasoma chuo kimoja upande wa Thika Road (silitaji, msiniulize) na tumetangaziwa mchango wa kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza. Mia tano kila mtu. Bajeti imewekwa kwenye grupu: mizinga, barafu, DJ, na soda za kuchanganyia. Nikauliza, sisi tusiokunywa je? Nikajibiwa, "maji yako kwa mfereji."

Halafu watu wazima waje waseme vijana wamepotoka! Mtoto ametoka Kitui hajaonja hata busaa, anaketishwa kwenye duara chumbani hosteli, kifuniko kimoja kinazunguka. Anayemimina ndiye anayeamua kasi. Huwezi kujua umekunywa kiasi gani, maana huna glasi yako. Ukiruka zamu unaulizwa umeokoka lini, au unameza dawa gani. Jamaa ninayeishi naye, akiwa peke yake anakunywa chai na kulala. Wenzake wakibisha tu Ijumaa, kwisha.

Na si bashi (sherehe) pekee. Anayegombea uongozi wa wanafunzi anakuja na kreti ya bia. Tukimaliza kazi ya kikundi, twende baa za Roysambu. HELB (mkopo wa serikali wa masomo) ikiingia ndiyo usiseme. Sasa niambieni, saa mbili usiku ukitaka kupiga gumzo na wenzako, utaketi wapi? Maktaba hawataki kelele, kantini imefungwa. Baa iko wazi, ina viti, muziki na mpira wa Uingereza.

Sheria ya pombe ya 2010 inataka baa ikae mita 300 kutoka shule za walio chini ya miaka 18. Sisi tushafika 18, kwa hivyo baa inaweza kuegemea lango la chuo. Siku za kazi inafaa kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni, lakini mwenye wains (duka la pombe) ya hapa kwetu anapitishia chupa dirishani watu wakienda lekcha ya asubuhi. Sera ya taifa ya 2025 nayo inapendekeza umri wa kunywa upande hadi 21. Sawa, na ndani ya lile duara nani ataitisha kitambulisho? Anayenunua ni wa mwaka wa nne!

Mwisho wa mchango ni Alhamisi. Sitoi hata ndururu hadi soda ziandikwe za kunywa. Mweka hazina, najua unasoma hapa.