Tupeane uzoefu: ulienda safari ya misheni ukiwa kijana, nini kilibaki huko ulipoondoka?

Mleta mada

Shalom wapendwa. Nilikuwa na miaka 19 nilipoenda misheni kwa mara ya kwanza. Tulikuwa vijana 14 na viongozi wawili, siku 10. Asubuhi tulijenga darasa la shule ya Jumapili, jioni tulitoka kushuhudia nyumba kwa nyumba. Kabla ya kuondoka tulifunga na kuomba siku tatu, na moyo wangu ulikuwa unawaka kweli.

Siku ya nane tulimwaga zege la sakafu. Fundi mwenyeji, mzee mpole sana, aliuliza swali moja tu: "Na nani atalimwagilia?" Alitueleza kwamba zege linatakiwa kubaki na unyevu angalau siku 7, na kwamba nguvu yake mafundi huihesabu siku ya 28. Wenyeji walikuwa kwenye msimu wa kilimo, wanatoka alfajiri wanarudi jioni. Alishauri tuwaachie vifaa, wao wamwage wenyewe wakimaliza shamba. Tulikataa. Tulitaka tuondoke tukiwa tumeiona sakafu imekamilika, washarika waliotuchangia waone picha. Tukamwaga, tukaomba juu yake, tukapiga picha, tukapanda gari.

Baada ya wiki chache mchungaji mwenyeji akatuma ujumbe wa upole: sakafu imepasuka kuanzia mlangoni hadi katikati. Waliivunja na kuirudia wao wenyewe. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, ndiyo maana nauliza. Wewe uliyewahi kwenda, ulifanya nini, na kilibaki nini?

Mchangiaji wa 1

Amina kwa kusema wazi. Mimi nilienda na timu ya afya nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Masanduku ya dawa tuliyoyahangaikia miezi mingi yaliisha siku ya tatu, watu bado wamepanga foleni. Niliumia sana.

Mambo mawili ndiyo yaliyobaki. La kwanza ni miwani ya kusomea. Kuanzia miaka 40 hivi jicho la karibu kila mtu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri, lakini wengi hawajawahi kuambiwa. Alikuja mama mmoja mtu mzima, nikampa Biblia asome. Akaisogeza mbali, akaisogeza tena, mpaka mkono ukanyooka wote na bado haoni. Nilipomvalisha miwani ya +2.50 alinyamaza kidogo, kisha akaanza kusoma Zaburi kwa sauti, mstari baada ya mstari, hakuna aliyemkatiza. Alisema alidhani kusoma kumeshamtoka.

La pili ni maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vyote viwe vya kusawazisha, visijae kupita ukingo. Kina mama walifundishana, na kila mmoja alirudia mbele yetu mpaka akapatia. Hilo halikuhitaji sanduku letu.

Mchangiaji wa 2

Langu fupi, ni kwa mnaovuka mipaka. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo. Mimi nilichanjwa juma lilelile la safari, nikazuiliwa mpakani na timu nzima ikanisubiri. Na dawa za kuzuia malaria zimezeni mpaka mwisho kama mlivyoelekezwa, maana zipo zinazoendelea wiki 4 baada ya kurudi nyumbani. Mwenzetu aliacha siku aliyofika kwao, akaja kulazwa.

Mchangiaji wa 3

Nilihudumu kwenye makao ya watoto yatima wiki mbili. Siku ya kwanza kabla sijaweka begi chini, mtoto wa miaka kama minne alinirukia shingoni. Nikajua Mungu amenileta kwa ajili yake. Nilimbeba kila siku. Siku ya kuondoka akaniuliza, "Utarudi lini?" Nikamjibu "karibuni", na sikurudi.

Mlezi mmoja alinieleza kitu ambacho ningetamani nikijue mapema. Alisema mtoto anayemkumbatia mgeni yeyote bila kusita mara nyingi ameshaachwa na wengi, na kila timu inayokuja na kuondoka inamwongezea jeraha. Aliyasema bila kunilaumu, huku anakunja nguo. Tangu hapo nikienda sehemu kama hizo naomba kazi za kuwapumzisha walezi: kufua, kupiga deki, kupaka rangi. Kubeba watoto nawaachia wanaobaki nao. Wala sipigi picha ya mtoto na kuisambaza. Wangu nisingekubali apigwe hivyo na mtu nisiyemjua.

Mchangiaji wa 4

Naomba niseme kama mwenyeji, maana usharika wetu umepokea timu nyingi. Tunawapenda mnapokuja, msidhani vingine. Lakini vijana wetu ndio wanaowatafsiria, wanawaachia vitanda, wanawasindikiza usiku, halafu taarifa ikisomwa huko kwenu hawatajwi hata kwa mstari mmoja. Watajeni. Ni watumishi pia.

Yupo binti mmoja hatumsahau. Hakuwa mhubiri. Alishinda jikoni na kina mama anaosha masufuria na kujifunza salamu zetu, anauliza huyu anaitwa nani, yule mtoto wake wa ngapi. Mpaka leo hupiga simu kila mwezi, na anasali nasi kwa simu siku ya kikundi. Katika Luka 10 Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili akawaagiza wakae nyumba ileile, wale wanachopewa, wasihamehame. Kwa yule binti ndipo nilipouelewa mstari huo.

Mleta mada

Mchangiaji wa 4, nimekusoma mara tatu. Nakiri jina la yule fundi halikuwa kwenye taarifa yetu.

Nilimtafuta kupitia mchungaji, nikamwomba radhi. Aliniuliza kwanza habari za wazazi wangu, ndipo tukaongea habari ya sakafu. Wanataka kuongeza chumba cha pili baada ya mavuno. Nimeomba ruhusa kazini ya mwezi mzima, naenda peke yangu safari hii. Amesema zege litamwagwa siku ya kwanza nikifika, na kazi yangu itakuwa kulimwagilia asubuhi na jioni.