Naomba ushauri: mkazo wa mlalo kwenye modeli ya mgodi

Habari zenu wakuu. Niko Kakamega, natengeneza modeli ya kompyuta kuona mwamba unavyosogea kuzunguka handaki la mviringo lililo kina cha mita 1,000. Mkazo wa wima, yaani mbano wa uzito wa mwamba ulio juu, haunisumbui: kila mita huongeza takriban megapaskali (kipimo cha mkazo) 0.027, kwa hiyo huko chini ni kama 27. Kinachonikosesha usingizi ni mkazo wa mlalo, yaani mbano wa kutoka pembeni, maana sina vipimo. Nikiweka uwiano wa mkazo wa mlalo kwa ule wa wima kuwa 0.5, kuta ndizo zinazoumia, nikiweka 1.5, mzigo unahamia kwenye paa, na mpango mzima wa boliti za kushikilia mwamba unageuka. Chini ya paa hilo watu watafanya kazi! Je, vipande vinavyobanduka kwenye mahandaki ya zamani vyaweza kunionyesha mwelekeo wa mkazo, au lazima nipime kwanza?