Misafara ya malori yanayofuatana kwa redio, au tuvike tela vifuniko? Kipi kinaokoa dizeli zaidi?

Usukani22: Wakuu, bosi wetu anataka tuamue. Tuwekeze kwenye malori ya msafara, la nyuma likaze gesi na kushika breki lenyewe kwa kufuata la mbele, au pesa iende kwenye vifuniko vya kukata upepo ubavuni mwa tela na tairi nyepesi kubingirika? Dizeli inatumaliza.

FundiPampu: Mkuu, msafara unaokoa kweli. Lori la mbele linapasua upepo, la nyuma linapita penye wepesi. Hata la mbele linafaidi, maana upepo hauzunguki tena mgongoni mwake na kulivuta. Kwenye jaribio la Marekani mwaka 2013, malori mawili yaliachana mita 11 hivi: la mbele liliokoa 4.5%, la nyuma 10%.

MamaMizigo: Fundi, hapo barabara ilikuwa shwari. Watengeneza malori MAN na wasafirishaji DB Schenker walipobeba mizigo halisi kwenye barabara ya A9 huko Ujerumani, kati ya Munich na Nuremberg, waliokoa 3 hadi 4% tu. Gari dogo likichomekea katikati, msafara unakatika, halafu la nyuma linakanyaga mafuta kulikimbilia la mbele. Ulichookoa kinaondoka hapo hapo. Daimler, watengeneza malori wengine wa Ujerumani, walilisema hilo mwaka 2019 walipoamua kuachana na mpango huo.

Dereva wa Usiku: Mimi nasema kama mtu wa barabarani. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita 15 ni sekunde 0.7. Hakuna mguu wa binadamu unaowahi breki hapo, kwa hiyo unamkabidhi redio roho yako huku ukitazama milango ya tela saa nzima. Kuna jambo jingine halisemwi: siku moja nilimfuata mwenzangu kwa karibu mno, mshale wa joto ukaanza kupanda, feni ikanguruma. Rejeta ilikosa upepo. Nilipoachia nafasi, mshale ukashuka.

FundiPampu: Hilo la feni nakubali, nayo inakula nguvu ya injini. Tena malori hayapangwi ovyo: lenye breki dhaifu ndilo linatangulia, ili la nyuma lisimame upesi zaidi yake. Lenye shehena nzito likiachwa nyuma, kwenye mlima linabaki.

MamaMizigo: Usukani22, malori yenu yanaondoka pamoja? Kama moja linapakia asubuhi na jingine jioni, kungojana kutawagharimu kuliko dizeli. Vifuniko vinafanya kazi hata lori likiwa peke yake.

Usukani22: Yanapishana kwa muda wa saa nne au tano. Basi naanza na vifuniko, upepo wa tairi upimwe kila safari, na spidi ishuke kutoka 90 hadi 80. Hapo tu ukinzani wa hewa unapungua kama moja ya tano. Dereva wa Usiku, kwa spidi hiyo unachelewa kiasi gani kwa safari ya kilomita 600?

Dereva wa Usiku: Barabara ikiwa wazi, dakika 50. Nampigia simu mpokeaji mapema, hajawahi kulalamika.