Naombeni ushauri: shamba la babu wa ukoo wa mume wangu, Nicodemus (Kansas), sioni hati yake popote

Mama Nasra
Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani na mliowahi kufuatilia historia ya ukoo huko.

Kwetu ni Muheza, ila huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Kansas. Mume wangu ni Mmarekani mweusi, asili yao Nicodemus, kile kijiji kilichoanzishwa 1877 na watu waliotoka utumwani Kentucky. Wanangu wanaujua ukoo wangu hadi babu wa tano kwa sababu mama yangu huwatajia majina kwenye simu mpaka wakayashika. Sasa wanauliza upande wa baba yao. Mwisho wa Julai ukoo mzima hurudi kijijini kwa sherehe, na safari hii mama mkwe amenikabidhi kazi ya kuandika habari za baba wa babu yake.

Ninayoyajua ni haya. Alifika 1878. Miti ya kujengea ilikuwa haba, hivyo watu walichimba ndani ya kingo za ardhi, wakaezeka kwa matawi na udongo, wakaishi humo. Mama mmoja aliyefika mwaka huohuo, Williana Hickman, alisimulia kwamba alipouliza Nicodemus iko wapi alioneshwa moshi unaotoka ardhini, akaangua kilio. Mama mkwe anasema mzee alivunja ardhi ile kwa mikono, farasi hana, hadi akatimiza miaka mitano serikali ikampa ekari zake 160.

Tatizo ni kwamba nimeingia kwenye tovuti ya serikali yenye hati za zamani za ardhi, nimeandika jina lake kwa kila namna, hakuna kitu. Na binamu mmoja wa mume wangu siku zote husema mzee aliliacha shamba kwa ukame, hati hakuwahi kuipata. Maneno hayo yameshawagombanisha. Mama mkwe ana miaka 81 na moyo unamsumbua. Je, niendelee? Na nikikuta kweli aliliacha, nitamwambiaje?

Mkwe wa Fargo
Usikate tamaa dada. Mke wangu ni wa ukoo wa Wanorwe wa North Dakota, nami nilikwama hapohapo. Tovuti ile inaonesha waliofika mwisho tu. Sheria ya 1862 ya kugawa mashamba ya serikali ilimtaka mtu alipe ada ndogo, akae kwenye shamba miaka mitano, ajenge, alime, kisha alete mashahidi wawili. Wengi waliishia njiani, na wapo waliouza haki yao kwa mtu mwingine kabla ya hati. Wengine walichoka kungoja wakalipa taslimu, kwa kawaida dola 1.25 kwa ekari; hao hati wanayo, ila imeandikwa kama ununuzi.

Mimi nakushauri utafute jalada. Majalada yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington, unaomba kwa fomu namba 84, na hata aliyeshindwa anaweza kuwa na lake. La kwetu lilikuja na kurasa 23. Nyumba futi 14 kwa 16, dirisha moja, ekari alizolima kila mwaka, miezi aliyoondoka kwenda kutafuta kibarua, kina cha kisima. Nilimsomea baba mkwe. Tulipofika kwenye kisima akaniomba nirudie.

Mpima Ardhi Dodoma
Kabla ya fomu unahitaji namba za shamba. Acha jina, tafuta kwa mahali. Ardhi ile ilikatwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba una vipande 36, kila kipande ni ekari 640. Robo ya kipande ndiyo hizo 160. Mwombe mama mkwe akuoneshe kwenye ramani shamba lilikuwa wapi, kisha angalia kila aliyepewa hati kwenye kipande hicho. Halafu nenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, Hill City, utazame vitabu vya mauzo na rehani.

Kijana wa Kigamboni
Samahani dada, lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya serikali kuigawa. Hilo nalo litaandikwa?

Mama Nasra
Litaandikwa. Masimulizi ya Nicodemus yenyewe yanasema majira ya baridi ya kwanza, watu walipokuwa wanakufa njaa, Waosage, kabila la wenyeji wa asili, waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia nyama. Watoto wangu watalisikia hilo pamoja na mengine.

Bi Mwanaisha
Mwanangu, usimpelekee mkweo makaratasi, mpelekee maswali. Kaa naye mchana akiwa hajachoka, washa simu irekodi, umwache aseme kwa mpangilio wake. Kuhusu kuliacha shamba, mtu aliyetoka utumwani akalala shimoni na wanawe ili alime chake, hata akishindwa mwaka wa nne hana la kuonewa haya. Mwambie mwenyewe faraghani, asije akalisikia mbele za watu siku ya sherehe.

Mkwe wa Fargo
Nimekumbuka jambo. Je, alikuwa askari? Watumwa wengi wa Kentucky walijiunga na jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya watumwa ya Kusini, mwaka 1864 kwenye kambi ya Camp Nelson, na sheria ya 1872 iliwaruhusu maaskari kupunguza muda waliotumikia kwenye ile miaka mitano. Wengi waliandikishwa kwa jina la bwana aliyewamiliki. Kama alitaka apunguziwe miaka, huenda shamba aliliandikisha kwa jina lile la cheti cha jeshi.

Mama Nasra
Shikamoo Bi Mwanaisha. Nimefanya kama ulivyosema. Leo mchana nimekaa naye jikoni, nikamuuliza kuhusu jeshi. Hakujibu. Aliinuka, akaleta Biblia ya nyumbani iliyofungwa kwa kitambaa, akafungua ukurasa wa mbele. Majina yote ni ya ukoo wao, isipokuwa la juu kabisa. Jina la kwanza ni la mzee, la ukoo ni jingine, limekatwa kwa mstari mmoja wa wino, na pembeni limeandikwa hili wanalotumia leo. Anasema bibi yake aliwakataza kulitamka.

Nilimuuliza kama naweza kulitumia kutafuta. Alinyamaza, halafu akasema, "Tumia, lakini ukiandika habari zake, andika alilolichagua." Watoto wakilala naingia kwenye tovuti.