Kadi ya mkopo ya kwanza baada ya kufilisika Marekani: ya dhamana, iliyokuja kwa barua, au ya mdogo wangu?

BintiPwani (mwanzisha mada)
Habari zenu wadau. Mahakama ilinifutia madeni miezi mitano iliyopita kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi. Sehemu kubwa ilikuwa bili za upasuaji wa mume wangu, na nyingine ni kadi nne ambazo nilikuwa nachukua kwa hii nalipia ile. Tangu hapo sina kadi yoyote. Kukodi gari ni shida, hoteli shida, nyumba ya kupanga shida.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni kadi ya dhamana: naweka amana ya dola 200, napata kikomo cha kukopa cha dola 200, ada ya mwaka hakuna. Ya pili imenifuata kwa barua: haitaki dhamana, kikomo ni dola 300, ada dola 75 kwa mwaka. Ya tatu, mdogo wangu anataka kuniongeza kwenye kadi yake aliyonayo kwa miaka 9.

Nakiri moyo unavutwa na ya pili, kwa sababu sitafungiwa hela yangu. Mliopita njia hii, nisaidieni.

Mzee wa Hesabu
Pole na hongera kwa pamoja, binti yangu. Iweke hiyo barua kwenye karatasi tupige hesabu.

Ada ya dola 75 inakatwa siku kadi inapofunguliwa. Kwa hiyo kabla hujanunua hata sabuni, tayari unadaiwa 75 na umebakiwa na 225. Ripoti yako ya mikopo itaonyesha umetumia robo ya kikomo chako, na kiasi unachodaiwa ni karibu asilimia 30 ya alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji hutumia kukupima. Yaani unaanza ukiwa umeshajiumiza.

Kwa nini 75 na si 90? Kwa sababu sheria ya kadi ya mwaka 2009 inazuia ada za mwaka wa kwanza zisizidi asilimia 25 ya kikomo cha mwanzo. Robo ya 300 ni 75 kamili, wamekwenda mpaka ukingoni. Na kizuizi hicho ni cha mwaka wa kwanza tu. Soma maandishi madogo uone kama kuna ada ya kila mwezi inayoanza mwaka wa pili. Angalia pia kama wanataka malipo ya "kushughulikia maombi" kabla ya akaunti kufunguliwa, maana hayo hayahesabiwi kwenye ile robo.

Dola 200 za dhamana ni zako. Ukifunga kadi bila deni, au wakikuhamishia kwenye kadi ya kawaida, zinarudi. Zile 75 hazirudi.

Kaka Mtulivu
Naunga mkono. Halafu dada, usidhani barua hiyo ni heshima. Aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 hawezi kufutiwa tena kwa sura hiyo mpaka ipite miaka 8 tangu afungue shauri la mwanzo. Wakopeshaji wanalijua. Huna madeni mengine na huna pa kukimbilia, kwa hiyo wewe ni mteja mzuri kwao. Mimi nilipokea barua kama hizo wiki baada ya wiki, na kwa uchovu nikaikubali moja. Ilinichukua miaka miwili kuachana nayo.

Kabla ya kuomba ya dhamana, hakikisha benki hiyo si miongoni mwa uliowaandika kwenye orodha ya wadai wako. Wengine huweka kumbukumbu zao za ndani kwa muda mrefu, hata baada ya ripoti kusafishika. Tumia kwanza ukurasa wao wa kuangalia kama unafaa. Ukaguzi huo hauachi doa. Maombi kamili ndiyo yanaacha doa, nalo hukaa kwenye ripoti miaka 2.

Mimi nilipata ya dhamana kwenye chama cha ushirika cha kuweka na kukopa, mfano wa SACCOS za nyumbani. Vile vya shirikisho haviruhusiwi kutoza riba zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka kwa sasa, ilhali kadi za watu wenye historia kama yetu hupita hapo kwa mbali.

NyotaYaAsubuhi
Kuhusu kadi ya mdogo wako: mimi niliongezwa kwenye ya dada yangu. Faida niliiona, maana miaka ya kadi yake iliingia kwenye ripoti yangu, na kisheria deni lake halikuwa langu. Lakini akapoteza kazi, kadi ikajaa, na alama zangu zikashuka pamoja na zake. Nikaomba nitolewe. Ugomvi haukuwepo, ila kwa miezi kadhaa tulikuwa tunaongea kwa tahadhari.

Kama mdogo wako analipa kwa wakati na hatumii sehemu kubwa ya kikomo, kubali, lakini iwe nyongeza. Wakopeshaji wengi wanataka kuona akaunti yenye jina lako mwenyewe. Muulize pia kampuni yake kama inaripoti watumiaji wa nyongeza kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza ripoti za mikopo. Isiporipoti hupati kitu.

BintiPwani
Asanteni sana, barua nimeshaichana. Swali: dola 200 si ndogo mno? Nikijaza mafuta mara tatu imekwisha.

Mzee wa Hesabu
Ni ndogo, na ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko kiasi. Kampuni nyingi huripoti salio lililopo siku taarifa ya mwezi inapotoka. Ukiwa na 180 siku hiyo, unaonekana umetumia asilimia 90 hata kama utalipa yote kesho yake. Lipa siku chache kabla, uache kama dola 10 au 15. Weka bili moja tu humo, ya simu kwa mfano, na malipo yajiendeshe yenyewe. Amana si malipo: ukichelewa unaandikwa umechelewa, hata kama dola 200 zako wanazo.

Alama ya FICO inahitaji angalau akaunti moja iliyotimiza miezi 6. Kwa hiyo usihangaike kuchungulia kila wiki.

Msafiri13
Naongezea kwa walio Sura ya 13 kama mimi, yaani ufilisi wa kulipa madeni kidogo kidogo kwa mpango. Mpango ni wa miaka 3 hadi 5, na ukiwa ndani yake usichukue kadi kabla ya kupata ruhusa ya msimamizi wako au mahakama. Muulize wakili kwanza.

Na dada, umeshaisoma ripoti yako? AnnualCreditReport.com inatoa ripoti za kampuni zote tatu bure kila wiki. Kila deni lililofutwa linapaswa kuonyesha salio sifuri. Ufilisi wenyewe utabaki humo hadi miaka 10 tangu siku ya kufungua shauri, hilo huliondoi, lakini deni lililokufa lisionekane liko hai.

BintiPwani
Nimerudi. Nimezisoma zote tatu jana usiku. Kadi moja ya zamani inaonyesha nadaiwa dola 1,140 na kwamba nimechelewa siku 120. Ilikuwa kwenye orodha ya mahakama, nina karatasi.

Kaka Mtulivu
Hapo ndipo pa kuanzia, kadi isubiri. Peleka pingamizi kwa kila kampuni ya ripoti yenye kosa hilo, ambatanisha nakala ya hati ya kufutiwa madeni na ukurasa wenye jina la mdai huyo. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Tuma kwa posta ya kusainiwa ili ubaki na ushahidi.

BintiPwani
Naandika barua leo. Mdogo wangu nimemwambia asubiri kidogo, na zile 200 nimezitenga. Nitarejea hapa majibu yakija.